Aruai, Mwalimu Aliyegawa Majina Yasiyo Yake

Vijana wa kanisa wanakusanya habari za watu wa kijiji chetu, watu wa kawaida tu, ili watoto wasome. Mimi wamenipa Aruai, mwalimu wa Kiingereza. Nadhani wamenipa makusudi, maana kila mtu hapa mlimani anajua kwamba mimi na Aruai hatupatani. Basi wasije wakanilaumu. Nitaandika ninavyomjua, na asiyependa aandike la kwake.

Baba yake alikuwa Ljavuras, mzaliwa wa huku huku, mtoto wa nyumba isiyo na nakshi kwenye boriti, yaani ya watu wa kawaida. Mtu mzuri, sina neno naye. Alishuka akiwa kijana kwenda kujenga maghorofa mjini, akaoa Mhaka, mwanamke wa Kichina wa bondeni, akafia huko huko. Aruai alizaliwa mjini. Kipaiwani, lugha yetu ya mlimani, alikijua kama mtu anavyoujua wimbo wa redioni: kiitikio anaitikia, ubeti hana. Alisoma Kiingereza chuo kikuu, akafundisha katika shule moja ya jioni ya kulipia. Huko walimkataza kutumia jina la baba yake, wakambandika jina la kike la Kizungu, Viviani. Mzazi akiuliza, aseme amekulia ng'ambo. Wazazi wa huko hawatoi pesa zao mtoto afundishwe Kiingereza na mtu wa milimani. Alivumilia. Halafu siku moja mama mmoja akamshika mkono, akamshukuru kwamba angalau yeye si kama wale wa milimani wanaonuka pombe. Aruai akafunga mkoba, akatoka. Hilo alinisimulia mwenyewe, tena hakulisimulia kirafiki. Alikuwa ananijibu. Nitafika hapo.

Alipokuja kwetu, somo la Kiingereza lilikuwa mikononi mwa kampuni moja ya mjini. Kampuni ilileta picha za theluji, za mabasi mekundu, za mikate iliyobanwa jibini katikati. Watoto wetu hawajawahi kuona theluji, na jibini wakipewa wanamtupia mbwa. Tena kila mtoto alipewa jina la Kiingereza, apende asipende. Mjukuu wa Selep, yule rafiki yangu anayeuza popoo za kutafuna langoni mwa shule, aliitwa Apo, yaani tufaha. Selep alikuwa akisema, "Nimelea tufaha miaka yote hii, na wala sikulipanda."

Aruai aliyafuta majina yale siku ya kwanza. Aliwaambia watoto kwamba Kiingereza hakina haja ya kubadilisha mtu, kinaweza kumbeba alivyo. Kila mmoja atumie darasani jina analoitwa nyumbani. Nilipoyasikia hayo nilisema, haya, huyu ana akili kidogo. Kidogo tu. Bado alikuwa anatembea kama watu wa bondeni, haraka haraka, hasalimii mpaka asalimiwe.

Sasa lazima niseme jambo ambalo kwetu hata mtoto wa chekechea analijua, ila Aruai hakulijua, na hapo ndipo ubaya ulipoanza. Majina yetu yana wenyewe. Kila jina lina nyumba yake. Nyumba za kichifu zina yake, nyumba za kawaida zina yake, na mtu hachukui jina la nyumba nyingine kama anavyochuma kisamvu njiani. Akilitaka, anakwenda kwa mwenye nyumba na nguruwe na mikate ya ulezi, anaomba, anaambiwa ndiyo au hapana. Nyumba yangu ni Rupaljan. Ndiyo nyumba ya kichifu ya kijiji hiki, na sasa kichwa chake ni mimi, Zepulj. Jina kubwa kuliko yote katika nyumba yangu ni Muakai.

Muakai alikuwa mama yangu. Alipokuwa msichana, polisi wa Kijapani walimwambia jina lake ni Yoshiko. Walipoita Yoshiko hakuitika, wakampiga kwa mkanda mpaka akaitika, na akitoka pale anakwenda mtoni anajiita Muakai, Muakai, hadi koo likauke. Mimi nikazaliwa, Wajapani wakaondoka, wakaja wa Kichina. Nilipelekwa shule, nikasema neno moja la Kipaiwani, nikavishwa kibao cha mti shingoni. Ilikuwa uzunguke nacho mpaka umkamate mwenzako anasema Kipaiwani, umvishe yeye. Niliacha shule darasa la tatu. Haya maandishi nayaandika kwa herufi za kanisani, za kusomea nyimbo, na zinanitosha.

Binti yangu mmoja yuko Taipei, hajazaa. Jina la Muakai nililiweka linamsubiri mtoto wake. Lilikuwa limekaa ndani kama nguo ya sherehe sandukuni.

Darasani kwa Aruai alikuwamo mtoto wa Kui. Kui anaendesha lori la kokoto huko mtoni. Mkewe ni Hong, Mvietinamu, mwanamke mpole asiyesema sana. Mtoto wao wa kike anaitwa Yu-han, magoti yake machafu siku zote. Jina la nyumbani hakuwa nalo. Mama yake Kui, ambaye ndiye angempa, alifukiwa na udongo mwaka ule wa kimbunga kabla mtoto hajazaliwa, na Kui ni mtu wa kusahau. Hakukumbuka kumwendea yeyote. Kwa hiyo Aruai alipowaambia watoto waseme majina yao ya nyumbani, huyu alianza kulia. Aruai akamwambia, basi chagua moja unalolipenda.

Mtoto akachagua Muakai. Kwenye sherehe ya mavuno tunayaimba majina ya marehemu wetu, na hilo ndilo la kwanza kuimbwa. Alilisikia humo.

Mimi nilikuwa napita na mzigo wangu wa majani ya magimbi, nikasikia darasa zima linasalimia kwa Kiingereza, salamu ndefu, na mwisho wake jina la mama yangu. Nilitua mzigo barazani. Niliingia bila kubisha hodi.

"Nani humu anaitwa Muakai?"

Yule wa magoti machafu akainua mkono, tena kwa fahari.

"Karibu, Bibi," akasema Aruai. "Tuko katikati ya kipindi."

"Sikuja kukaribishwa. Nani kampa mtoto wa Kui jina la mama yangu?"

"Amechagua mwenyewe."

"Amechagua. Kwani jina ni ndala, unajipimia?"

Watoto wakacheka. Sikuwa nawachekesha.

"Bibi, ni jina tu," akasema.

Ni jina tu. Mtoto wa Ljavuras ananiambia mimi, ni jina tu. Nilimshika kiwiko nikamtoa barazani, nikamweleza yale niliyoyaandika hapo juu, kwa maneno makali zaidi. Nilidhani atainamisha kichwa. Hakuinamisha.

"Bibi Zepulj," akasema, "nimefika hapa nimekuta watoto wanaitwa matunda. Nimewaambia majina ya kwetu yanatosha, yanaweza kusimama mbele ya Kiingereza. Sasa unataka nimwambie Yu-han kwamba hayo mazuri ni ya wenye boriti za nakshi, yeye arudi kwenye tunda?"

"Mwambie ukweli."

"Ukweli upi?"

"Kwamba nyumba ya watu si soko."

Hapo ndipo aliponisimulia habari ya Viviani na yule mama aliyemshika mkono. Alisimulia macho makavu, kidole amekinyoosha kifuani kwangu.

"Mimi nimevuliwa jina nikiwa mtu mzima, nikaitika kwa sababu nilitaka mshahara," akasema. "Sitamvua mtoto mbele ya wenzake."

"Basi nitamvua mimi."

"Utaanza na mimi, Bibi."

Sijasemeshwa hivyo tangu mume wangu afe, na hata yeye alinisemesha hivyo mara moja tu. Nikachukua mzigo wangu nikaenda.

Kwenye kikao cha wazazi nilisimama, nikasema mwalimu huyu hafundishi Kiingereza, anachezea nyumba za watu, na mtoto wa Kui ametwaa jina lisilo lake. Mkaguzi wa wilaya, Bwana Tsai, alikuwapo. Nilisema nikaketi, na sijutii, maana lilikuwa kweli. Wazazi wengine nao walikuwa na yao. Walitaka kampuni. Watoto walikuwa wanarudi nyumbani kuwauliza bibi zao magimbi yanakaushwaje, ati kazi ya Kiingereza.

"Kiingereza gani cha magimbi?" akauliza Kui. "Mimi nataka mwanangu aseme Kiingereza cha uwanja wa ndege."

"Uwanja wa ndege utamwuliza anakula nini," Aruai akamjibu.

"Atasema anakula mkate."

"Atakuwa amedanganya."

Watu waliguna. Aruai hana ulimi wa kubembeleza. Hilo tunafanana, na silipendi.

Lakini nitaandika na hili, kwa sababu nimesema nitaandika ninavyomjua. Nilikuwa napita pale dirishani mara kwa mara, kumvizia. Kiingereza sikijui, ila mtoto anayezungumza namjua na mtoto anayeimba kama kasuku namjua. Wakati wa kampuni midomo ilikuwa inacheza, macho yamelala. Kwa Aruai waligombania kusema. Mtoto alianza na jambo lake kwa lugha yoyote aliyonayo, Kipaiwani, Kichina, Kihaka, mwenzake akamsaidia kulivusha hadi Kiingereza, na neno lisilovuka liliachwa lilivyo, linakaa katikati ya Kiingereza limetulia. Siku moja Yu-han alileta maneno ya bibi yake wa Vietinamu, aliyoyasikia kwenye simu, jinsi ya kumtuliza bata kabla ya kumchinja. Darasa zima liliyasema kwa Kivietinamu, kisha likayavusha. Walikuwa hawajui kwamba wanafundishwa. Haya sikumwambia Aruai. Sikuwa na sababu ya kumwambia.

Bwana Tsai akaja kukagua. Ni mtu wa viatu vinavyong'aa, anaongea nasi polepole kana kwamba sisi ni viziwi. Alikaa darasani nusu kipindi akatoka ameshika kichwa.

"Hili ni gulio," akamwambia Aruai barazani, na mimi nilikuwa chini ya dirisha nachambua majani. "Lugha nne kwa wakati mmoja. Mwalimu, mtoto akitaka kuogelea unamtia majini."

"Wengine wametiwa majini wakazama, Bwana Mkaguzi."

"Wewe ulijifunza Kiingereza kwa Kiingereza."

"Nilijifunza kuona haya kwa Kiingereza. Kiingereza chenyewe nilijifunza baadaye."

Akamwambia sheria zake. Kiingereza kitupu ndani ya darasa. Majina ya Kiingereza yarudi. Na kwa kuwa shule yetu ina kibali cha kuamua mambo yake, kikao cha wazazi kitapiga kura kabla ya sherehe ya mavuno: somo libaki kwa Aruai, au lirudi kwa kampuni na Aruai aende zake. Mpaka siku hiyo sheria zake zifuatwe, na ataacha kitu cha kuzisaidia.

Sikukiona kitu hicho siku ile. Nilikiona mchana wa pili, langoni, kwenye meza ya Selep. Nilikuwa nimekaa natafuna popoo, Yu-han akaja anaburuta mkoba. Shingoni amening'iniza kibao. Cha plastiki, rangi rangi, kina dubu anayecheka ameinua kidole gumba, na maandishi chini.

Popoo iliniganda mdomoni.

"Njoo hapa," nikamwambia. "Hiki nini?"

"Cha mkaguzi. Ukisema lugha nyingine unavaa. Ukimkamata mwenzako unamvisha yeye."

"Mwalimu wako ndiye kakuvisha?"

"Mwalimu alikataa kukishika. Mkaguzi alinivisha mwenyewe leo asubuhi kabla hajashuka."

"Ulisema nini?"

"Aliniuliza kwa Kiingereza jina langu nani. Nikamjibu kwa Kiingereza, sentensi nzima, Bibi. Nikasema jina langu ni Muakai." Akafuta pua kwa mkono. "Akasema neno la mwisho siyo Kiingereza."

Selep akanigeukia, mate mekundu mdomoni, anacheka kwa pua.

"Furahi basi, shoga yangu. Si ulitaka avuliwe? Kavuliwa, kapewa na dubu juu."

"Nyamaza."

"Nimenyamaza. Nauliza tu kama umefurahi."

Nilikuwa nakitazama kile kibao. Cha kwangu kilikuwa cha mti, hakikuwa na dubu, kilinuka jasho la shingo za watoto wote waliokitangulia. Hiki kilinuka duka. Hawa wameona kibao cha kwanza kilitutia uchungu, wakaona dawa ni kukipaka rangi. Tena tazama kilivaliwa kwa neno gani. Mama yangu alipigwa mkanda kwa jina lile, akalibeba hadi kaburini bila kulidondosha. Leo mtu wa viatu vinavyong'aa amelitia hatiani tena, mbele ya watoto, katika kijiji changu. Mtoto wa Kui ana kosa la kulichukua, na kosa hilo ni la kuamuliwa na mimi. Bwana Tsai anaamua nini katika nyumba ya Rupaljan?

Nilimvua mtoto kile kibao.

"Bibi, siwezi kukivua mpaka nimkamate mtu."

"Mimi nasema nini hapa, Kiingereza?"

Akafikiri. "Kipaiwani."

"Basi umenikamata."

Nikakivaa. Selep alicheka hadi akapaliwa, na mimi nikamwacha apaliwe.

Siku ya kikao nilivaa nguo zangu zote. Koti la shanga, mkufu wa mama, shada la kichwani lenye unyoya wa tai, ambao hapa kijijini ni mimi peke yangu ninayeruhusiwa kuuvaa. Na kifuani, juu ya mkufu, dubu. Niliingia watu wote wamekwisha kukaa. Mtu alianza kucheka akaona uso wangu akaacha. Nikakaa mbele.

Bwana Tsai alieleza faida za kampuni. Aliongea juu ya dunia, juu ya kazi za hotelini, juu ya watoto wa mjini wanavyotuacha nyuma. Kui alikuwa anatikisa kichwa kukubali, na wengi pamoja naye. Aruai alipewa nafasi. Alisema maneno machache, mabaya, ya mtu aliyekwisha kujiona ameshindwa. Alisema hataki kuwafundisha watoto Kiingereza kwa kuwafanya waukimbie mdomo wa mama zao, na kama wazazi wanataka hivyo, apewe nauli. Akaketi, ananitazama kwa chuki. Alijua ni nani aliyemshitaki mbele ya mkaguzi.

Nikasimama.

"Bwana Tsai, mimi nakudai nguruwe."

Akatabasamu vile wanavyotabasamu. "Nguruwe, Bibi?"

"Umeliadhibu jina la nyumba yangu mbele ya watu. Kwetu hilo linalipwa nguruwe. Na mikate ya ulezi."

"Bibi, nilimwadhibu mtoto kwa kuvunja sheria ya darasa. Tena samahani, hukusimama wewe mwenyewe katika ukumbi huu ukasema lile si jina lake?" Akawageukia watu. "Nilikuwapo. Mlikuwapo. Jina si lake, na mwalimu ndiye aliyelitoa bila haki. Sasa tunagombania nini?"

Alikuwa amenishika vizuri, nakiri alinishika. Nikisema jina ni la mtoto, nimesema uongo mbele ya kijiji, na kesho kila mtu atakuja kujichumia nyumbani kwangu. Nikisema si lake, kibao kilikuwa halali, na Aruai anaondoka jioni ile. Nilimtazama Aruai. Hakuniomba kwa macho. Angeniomba, nadhani ningekaa.

"Ulisema au hukusema?" akauliza Bwana Tsai.

"Nilisema."

"Basi jina ni la nani?"

"La nyumba yangu. Na nyumba yangu huazimisha."

"Tangu lini?"

"Tangu mimi nilipotaka." Nikamgeukia Kui. "Kui, nguruwe unaye?"

Kui akashtuka kama mtu aliyeamshwa. "Ninaye, Bibi, lakini huyo namnenepesha kwa arusi ya mdogo wangu."

"Mdogo wako ana mchumba?"

"Bado anatafuta."

"Basi nguruwe ana nafasi. Unaliombea mwanao jina la Muakai kwa nyumba ya Rupaljan, au huliombi?"

Kui akamtazama mkaguzi, akamtazama mkewe. Alikuwa na Kiingereza chake cha uwanja wa ndege kooni, nilikiona kinapanda na kushuka. Hong ndiye aliyesimama. Mwanamke yule sijawahi kumsikia akiongea mbele ya watu. Aliongea Kichina chake cha kuvunjika vunjika.

"Zamani mimi nikipiga simu kwa mama yangu, mtoto anatoka nje. Anaona haya," akasema. "Sasa anakuja kukaa hapa." Akagusa goti lake. "Anauliza, bibi anasema nini, nipeleke shule. Mimi naomba jina. Naomba na mwalimu."

Akakaa. Kui akasema kwa sauti ndogo, "Tunaomba, Bibi."

"Nimeliazimisha," nikasema. "Binti yangu akizaa msichana tutazungumza. Mpaka hapo, anayemvisha Muakai kibao ananivisha mimi, na kama mnavyoona, tayari nimevaa. Njooni mnivue."

Hakuna aliyekuja. Bwana Tsai akasema tupige kura, naona alidhani maneno yangu ni ngoma tu za wenyeji. Hakujua kwamba hapa kwetu, katika kikao, watu wa upande wa nyumba yangu hawainui mkono kabla yangu. Huo ndio utaratibu, haujaandikwa popote. Alipouliza nani anataka kampuni, waliinua wale wa ng'ambo ya mto na wachache waliozoea mjini. Alipouliza nani anamtaka Aruai abaki, nilikaa kwanza bila kuinua mkono. Nilitaka Aruai aone kwamba nakaa. Halafu nikainua mkono bila kumtazama, na mikono ikapanda nyuma yangu safu kwa safu. Wa Hong ulikuwa umekwisha kupanda zamani, hakunisubiri. Mgeni, nilimsamehe.

Bwana Tsai akasema atayaandika haya kwa wakubwa zake.

"Andika," nikamwambia. "Na kibao nabaki nacho. Sijamkamata mtu bado."

Aruai alinifuata nje. Nilidhani atashukuru.

"Ungeweza kufanya hivyo tangu siku ile barazani," akasema.

"Na wewe ungeweza kuuliza kabla ya kugawa."

"Iko siku hakutakuwa na majina ya wakubwa na majina ya wadogo hapa."

"Siku hiyo nitakuwa nimekufa. Subiri. Na wewe pia una nguruwe wa kulipa, nusu yake, maana wewe ndiye uliyelitoa."

Siku ya tatu akanitumia nyama ya dukani, kipande kwenye mfuko wa plastiki, kimeganda barafu. Nilikirudisha kwa mkono wa Selep na ujumbe kwamba nyumba ya Rupaljan haina ugomvi na friji. Selep akarudi akiniambia mwalimu ametukana kwa Kihaka, na akatukana vizuri. Mwishowe alikuja na Kui, wamebeba bega la nguruwe kwenye mti kama inavyotakiwa, na mikate ya ulezi ambayo Aruai alipika mwenyewe. Ilikuwa mibichi katikati. Niliila yote mbele yake, kwa heshima ya jina. Mpishi sikumsifu.

Wakati anaondoka akasimama mlangoni.

"Bibi, na langu? Aruai ni la nyumba gani?"

"La kwenu. Bibi mzaa baba yako aliitwa hivyo. Aliuza tumbaku, alikuwa mkali, hakuna mtu aliyemvisha kitu." Nikaendelea kufunga nyama. "Hilo peke yake ndilo halali yako, usiligawe."

Akaenda, na safari hii hakutembea haraka haraka.

Sasa anafundisha mwaka mwingine. Kabla ya kumpa mtoto jina lolote anapanda kwangu kuuliza, na nikishamjibu tunagombana juu ya jibu. Mjukuu wa Selep si tufaha tena. Yu-han magoti yake bado machafu, na nikimwona hivyo namkemea kwa jina lake lote, sauti ya juu, kijiji kisikie, kwa sababu mwenye jina lile hatembei na matope. Mkaguzi alirudi mara moja, akasimama mlangoni mwa darasa, hakuingia. Nguruwe wangu bado hajaleta.

Kibao nilikipigilia msumari kwenye mlango wa banda la nguruwe. Dubu anacheka huko na kidole chake juu. Nguruwe wangu wanaguna mchana kutwa kwa lugha yao, na hakuna aliyemkamata mwenzake.